Kipimo cha Pili cha Doto

Misunkumilo, Mpanda
4 Agosti 1996

Mwanangu Lucia, Mama Luhende,

Nakusalimu wewe, Baba Luhende na mjukuu wangu. Sisi huku miguu inatembea ila moyo umekaa chini. Naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, maana sitaki habari hii ipite midomoni mwa watu kabla haijakufikia wewe. Herufi zikipinda unisamehe, kisomo chenyewe cha watu wazima nilisoma nikiwa nimekubeba mgongoni.

Mdogo wako Doto yuko mahabusu tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Alienda na kiberiti kwenye majani nyuma ya shamba la mzee Hilari, kufukuza panya, kama wanavyofanya vijana wote kiangazi hiki. Upepo ukageuka. Nyumba ya mzee Hilari imeungua yote na ghala la mahindi, na mzee mwenyewe miguu imebabuka, amelazwa. Doto hakukimbia. Walimkuta amekaa pale pale ameshika panya watatu kwa mikia, akawaambia moto umekula nyumba, halafu akacheka. Unakijua kicheko chake, Lucia, kinamtoka akiogopa. Wao wanasema amechoma makusudi na anafurahia. Wanasema ni kisasi, maana mwezi wa tano mzee Hilari alimchapa Doto fimbo ng'ombe wetu walipoingia kwenye viazi vyake. Na wengine wanaongeza kwamba sisi tuliokuja na ng'ombe ndivyo tulivyo.

Nikamwambia polisi huyu mtoto ana kifafa tangu ana miaka mitatu, ana miaka ishirini na nne lakini akili ilibaki njiani. Akaniuliza cheti kiko wapi. Cheti cha nini sasa, Lucia? Mimi nina cheti cha kisomo tu.

Hakimu amesema ataletwa daktari kutoka huko Tabora ampime akili. Nimesikia anaitwa Polycarpe. Si ndiye unayemfanyia kazi? Nijibu haraka, usingizi sina.

Ni mimi mama yako,
Suzana

*

Tabora
15 Agosti 1996

Shikamoo Mama,

Nimelia, kisha nimenawa uso nikaenda kazini. Ndiyo, ni yeye. Daktari Polycarpe huwauliza watu maswali na kuandika majibu yao. Akirudi ofisini mimi ndiye ninayejumlisha alama na kuzitafuta kwenye majedwali. Kwa hiyo majibu ya Doto yatapita mikononi mwangu.

Mama, usimwambie daktari kwamba mimi ni mwanao. Hapa wananijua kwa jina la Baba Luhende. Akijua, nitaondolewa kazini, na mahakama inaweza kukataa ripoti yenyewe ikisema dada amemhesabia ndugu yake.

Kipimo hiki ndicho kitakachoamua kama Doto atafungwa au hatafungwa. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema hata kwako. Mpelekee dawa zake kila wiki, usikose.

Mwanao,
Lucia

*

Misunkumilo
22 Septemba 1996

Mama Luhende,

Daktari amekuja. Ni mtu mpole, anaongea Kiswahili cha Burundi. Sikusema kitu juu yako. Doto alipoona amefungiwa na mgeni alianza kutetemeka, daktari akaogopa atamwangukia, akaniita nikae kwenye benchi nyuma nisifungue mdomo. Nikakaa saa mbili. Ni bora ningebaki nje.

Lucia, amefeli. Aliulizwa mbuzi na kuku wanafanana nini, akasema wote ni wa jirani, mama Athanasie. Akaambiwa namba, nne, tisa, mbili, azirudishe kinyumenyume. Basi akageuka, akampa daktari mgongo, akasema nne, tisa, mbili. Daktari hakucheka, nilimshukuru kwa hilo. Halafu vile vibao vyekundu na vyeupe vya kupanga vifanane na picha. Vyote alivipanga mstari mmoja, akasema ni ng'ombe wanaenda kunywa maji. Na ng'ombe hawa wetu anawajua wote kwa rangi, thelathini na mmoja, akikosekana mmoja anajua ni yupi. Hakuna aliyemuuliza hilo.

Nilikuwa nalijua kila jibu, nimeuma ulimi hadi nikaonja damu. Kichwa changu hakina madarasa lakini kinashika.

Niambie ukweli, wanaofeli wanapewa nafasi nyingine? Sisi kwenye kisomo tulipewa. Mimi mwenyewe nilifeli daraja la pili, nikarudia, nikafaulu.

Ni mimi,
Mama

*

(Haikutumwa)
Tabora, 3 Oktoba 1996

Mama yangu,

Nataka kukwambia yote. Wiki iliyopita nilijumlisha majibu ya Doto. Kila jibu lina alama yake, na jumla unaipeleka kwenye jedwali la watu wa umri wake, inatoka namba moja. Mia moja ni mtu wa katikati. Walio wengi wanasimama karibu na mia, juu kidogo au chini kidogo, na ukizidi kwenda mbali unakuta watu wachache zaidi. Chini ya sabini, daktari anaweza kumwambia hakimu kwamba mtu huyu hakuelewa alichokuwa anafanya. Doto amepata hamsini na saba.

Wewe unalia kwamba amefeli. Mama, hiyo namba ndiyo inayomtoa. Kwa hamsini na saba hafungwi, anarudi kwako na karatasi ya dawa.

Lakini sasa mwendesha mashtaka amekataa. Anasema mtu anayejua ng'ombe thelathini na mmoja kwa rangi na kuimba nyimbo zote za kanisani hawezi kuwa na hamsini na saba, anajifanya. Ameomba apimwe mara ya pili mwezi wa pili. Nikikwambia kwamba alama ndogo ndizo zinazomwokoa, nakujua, utamfundisha kujifanya mjinga zaidi. Na namba zinamkamata anayejifanya, Mama, nimeziona zikimkamata mtu. Atakosa maswali mepesi kuliko yale magumu, na daktari atamjua. Doto hajui kudanganya, na wewe ukimfundisha, utamfundisha vibaya. Kwa hiyo

*

Tabora
6 Oktoba 1996

Shikamoo Mama,

Ndiyo, atapimwa tena, mwezi wa pili. Usijitese. Nakuomba jambo moja tu: mwache Doto alivyo. Usihangaike na lolote. Mpe chakula na dawa, basi.

Luhende ameota jino la mbele.

Lucia

*

Misunkumilo
24 Novemba 1996

Lucia,

Nashukuru kwa habari ya jino. Huku mvua imeanza, wanalima.

Neno lako limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mwache alivyo. Mwalimu wake alinena hayo hayo siku alipomrudisha nyumbani na kibao chake cha kuandikia. Dada ya baba yenu alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba pacha aliyebaki ndiye aliyepaswa kwenda, Kulwa angekuwa mtu. Sikutegemea kulisikia kutoka kwako uliyesoma. Lakini sikulaumu. Una mume, una kazi, na aibu ya ndugu inafika mbali.

Mimi naenda mahabusu kila Jumapili baada ya misa. Askari mmoja anaitwa Fredrick, kijana mwenye roho nzuri, ananiacha nikae na Doto hadi saa nane. Anaendelea vizuri. Kuna jambo zuri utalisikia, silisemi sasa.

Mama

*

Misunkumilo
16 Februari 1997

Mwanangu mpenzi Lucia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa lakini mwili unataka kusimama. Daktari Polycarpe amekuja juzi na safari hii sikutaka hata kukaa benchi, nilingoja nje. Doto alitoka anacheka kicheko kile kingine, unakikumbuka, cha kweli. Akaniambia mama, nimevipanga.

Sasa nakwambia. Nilimfundisha. Jumapili zote, tangu mwezi wa kumi. Yale maswali nilikuwa nayo kichwani yote. Fundi seremala wa Kashaulili alinikatia vipande tisa vya mninga, upande mmoja nikapaka udongo mwekundu na mwingine chokaa. Jumapili tatu nzima alivipanga mstari wa ng'ombe. Ya nne nikamwambia, haya, ng'ombe wameshakunywa maji, sasa wanaingia zizini, zizi ni la mraba, mwekundu anakaa pembeni. Akapanga, Lucia! Mtoto aliyerudishwa shule. Nikageuka nikalia asinione, na Fredrick akaniambia, "Mama, nyie mtamfanya huyu kuwa hakimu."

Mbuzi na kuku, wote ni mifugo. Jembe na shoka, vyote ni vya kazi. Namba za kurudi nyuma nilimfundisha kwa vidole, anaanzia kidole cha mwisho. Hajui maana ya yote, sikudanganyi, ukimuuliza mbuzi na njiwa anarudi kwa mama Athanasie. Lakini yale ya daktari anayajua kama Baba Yetu.

Najua ulisema nimwache. Usinikasirikie. Mtihani unaoamua kifungo, mama gani ataacha mtoto wake aufeli mara mbili naye anayajua majibu? Miaka ishirini na nne nimesikia mwanangu hafundishiki. Anafundishika, anataka tu mtu asiyechoka.

Jumlisha vizuri, mwanangu. Zitakuwa nyingi safari hii.

Mama yako mwenye furaha,
Suzana

*

Tabora
1 Machi 1997

Shikamoo Mama,

Barua yako imenikuta siku nne baada ya namba kutoka.

Sijui nianzie wapi, naanzia na kosa langu. Nilikuficha. Alama ndogo ndizo zilizokuwa zinamwokoa Doto. Mara ya kwanza alipata hamsini na saba na hiyo ilitosha arudi nyumbani. Nilikuandikia barua kukueleza, sikuituma. Niliogopa utamfundisha kufeli. Haikunijia kabisa kwamba utamfundisha kufaulu.

Mara ya pili amepata sabini na tano.

Kila kipimo kinatikisika, Mama, kama mizani ya sokoni, mshale unabembea kabla haujatulia. Daktari anajua unabembea kiasi gani, pointi nne au tano huku na huku, na mtu akirudia maswali anaongeza kidogo kwa mazoea. Tofauti ya pointi chache asingeisemea neno. Lakini kumi na nane hazibembei. Kanuni inasema tofauti kubwa hivyo haiji kwa bahati. Basi zimebaki sababu mbili. Ama mtu amemfundisha, na nani angemfundisha mtu aliye mahabusu maswali yanayofungiwa kabatini? Au mara ya kwanza alijifanya. Daktari hakumfikiria mama aliyekaa benchini, ameandika hiyo ya pili.

Mimi ndiye niliyekokotoa. Nilikokotoa mara tatu nikitafuta kosa langu, nikitamani niwe nimekosea. Nilishika kalamu nikaangalia ile saba ya sabini na tano nikifikiria jinsi inavyogeuka tano. Sikuigeuza. Nilijiambia kwamba Mungu anaona na kwamba daktari ana nakala. Sijui ni lipi lilinizuia.

Kesho nampelekea daktari barua yako na kumwambia mimi ni nani. Na wewe, Mama, itabidi usimame mahakamani useme ulichofanya.

Nisamehe.
Lucia

*

Misunkumilo
11 Machi 1997

Lucia,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau kusoma.

Unasema uliogopa nitamfundisha kufeli. Ndiyo. Ningemfundisha. Sikatai na sitajifanya mwema kwako. Lakini ungeniambia usimfundishe chochote kwa sababu hii na hii, ningekaa chini nikauma ulimi tena kama siku ile. Najua kuuma ulimi. Nyie mliosoma mnadhani sisi tukiambiwa jambo zima litatumwagikia.

Basi, nimeshasema, sisemi tena. Na mimi nilikuficha Jumapili kumi na nane. Tumenyamaziana wawili, na aliyekuwa katikati ni yule asiyejua kuficha.

Jumapili nilimkuta anapanga. Aliniuliza daktari atarudi lini, kuna picha nyingine ameitunga mwenyewe. Nikamwambia apumzike. Akanishangaa.

Nitasimama mahakamani. Wataniuliza nini?

Mama

*

Tabora
20 Aprili 1997

Shikamoo Mama,

Daktari Polycarpe aliisoma barua yako hadi mwisho. Ameniamini. Amenitoa kwenye kazi ya alama, nimehamishiwa chumba cha mafaili, na amesema hiyo ni huruma. Ameiandikia mahakama kwamba anaondoa neno la kujifanya.

Lakini nilipomwomba ampime Doto mara ya tatu alikataa. Alisema, "Lucia, kile kipimo kimekufa kwake. Akipata ndogo watasema anajifanya sasa, akipata kubwa watasema ndiyo yenyewe. Hakuna namba ya kijana huyu nitakayoiamini tena, na kipimo kingine sina." Nikamuuliza na ile ya kwanza. Akasema ile ya kwanza ilikuwa ya kweli, ila haina mtu wa kuisimamia, kwa sababu yeye mwenyewe alishatia sahihi kwenye ripoti ya pili kwamba ile ilikuwa ya kujifanya.

Kwa hiyo kila kitu sasa ni wewe, Mama. Sema kama ulivyoniandikia, pole pole, na usimwogope mwendesha mashtaka.

Ruhusa ya kuja nimenyimwa.

Lucia

*

Misunkumilo
25 Mei 1997

Mama Luhende, mwanangu,

Imekwisha. Nakaa chini nikupe yote kwa mpangilio, maana habari za njiani zitakufikia zimepinda.

Nilisimama. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nilisema yote, mninga, udongo mwekundu, zizi la mraba. Fredrick naye alisema aliona, ingawa wakubwa zake walimtolea macho, na sasa nasikia wanamhamisha. Mzee Hilari alikuwepo na magongo yake, hakuniangalia. Mwendesha mashtaka akaniacha nimalize, mpole kabisa, halafu akauliza, "Mama, kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba huyu kijana anafundishika?"

Lucia, nikwambie kitu ambacho sitamwambia padri. Miaka yote nilitaka mtu mwenye tai aseme neno lile mbele ya watu. Alipolisema moyo wangu uliruka kwanza, kwa furaha, kabla haujaanguka. Ndiyo, nikajibu. Ningejibu nini? Akasema basi, hana swali lingine, mtu anayeweza kufundishwa kupanga vipande tisa kwa miezi minne angeweza kufundishwa kwamba moto unaunguza nyumba.

Hakimu aliisoma barua ya daktari kwa sauti. Akasema daktari mwenyewe hana uhakika tena na mama ni mama. Miaka mitano.

Nilitaka kuanguka lakini Doto alikuwa ananitazama, ananisubiri nimwonyeshe kwa uso ni jambo la aina gani. Kwa hiyo sikuanguka.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo ninapokuhitaji. Mfungwa wa miaka hiyo hakai Mpanda, anapelekwa huko kwenu Tabora. Alhamisi walimpandisha treni na wenzake sita, amefungwa pingu na kijana mmoja wa Karema. Nilikuwa stesheni tangu asubuhi. Nilitegemea kilio, au kifafa. Amekuja anatembea kifua mbele, anasalimia watu. Anamwambia mama Athanasie, anamwambia hata muuza karanga, kwamba amefaulu. Sikumwelewa. Halafu nikamwelewa.

Wewe ulipofaulu darasa la saba, wewe peke yako kijiji kizima, tulikuleta stesheni hii hii, ukapanda treni kwenda Tabora kusoma bweni, na yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja akakimbia pembeni ya reli hadi akaanguka. Kwenye akili yake anayefaulu mtihani wa wageni ndiye anayepandishwa treni kwenda Tabora. Anayefeli anabaki na ng'ombe. Hakuna mtu aliyemwambia. Amejumlisha mwenyewe.

Dirishani akaniuliza, "Mama, si nimefaulu?"

Watu walikuwa wamenizunguka, wengine wanaficha nyuso. Nikamwambia, "Umefaulu, mwanangu. Sikiliza walimu, na umeze dawa."

Kama ni dhambi naibeba mwenyewe, nimezoea uzito.

Jumapili nenda ukamwone. Wanaruhusu saa nne, Fredrick ameniambia. Jieleze wewe ni dada yake, sasa huna tena la kuficha. Mpelekee vidonge, vya hapa vinaisha wiki ijayo, na wasimlaze kitanda cha juu. Atakuuliza kama umeziona alama zake, maana nilimwambia zamani kwamba wewe ndiye unayezihesabu. Usilie mbele yake, ataogopa na kuanza kucheka, na huko hawamjui, watampiga.

Mwambie umezihesabu mara tatu. Mwambie ni nyingi.

Mama yako,
Suzana